Tasnifu imebaki sura moja na kazi hakuna: kisa cha dada mmoja mwaka wa tano wa PhD

Kisa hiki ni cha dada mmoja tuliyekuwa idara moja, yeye nyuma yangu kama miaka miwili hivi, na amenikubalia nikiandike kwa sharti nisitaje jina wala chuo, na vitu vichache nimevibadilisha ili asijulikane. Nakiandika kwa sababu tangu amalize nimefuatwa na watu wanne wenye hali ileile kabisa, na kila mmoja alidhani imempata yeye peke yake.

Hali ilikuwa hivi. Yuko mwaka wa tano, utafiti wake ni wa afya ya jamii, jinsi familia zinavyoamua mgonjwa apelekwe hospitali lini na nani mwenye neno la mwisho. Data kashakusanya zamani, mahojiano 62 yote kayafanya, kayanukuu, kayachambua. Sura tano kati ya sita zimeandikwa na supavaiza kashazipitia. Imebaki ya sita tu, majadiliano na hitimisho. Skolashipu ilikuwa ya miaka minne, kwa hiyo ilikatika miezi saba nyuma, na sasa anaishi kwa kufundisha vikundi vitano vya semina za mwaka wa kwanza na kuwahariria watu kazi zao. Kwa miezi mitano ametuma maombi ya kazi 41. Amejibiwa mawili, yote ya "tunasikitika kukujulisha", na intavyuu hajaitwa hata moja.

Alinipigia Jumapili usiku, mwezi wa pili. Sauti ilikuwa ya kawaida kabisa, na hiyo ndo ilinitisha, maana namjua akiwa na hasira anavyoongea. Akasema, "Kaka, mi sijui tena kama naandika tasnifu au natafuta kazi, maana vyote viwili naona sifanyi."

Hapo nikafanya kosa ambalo nadhani wengi tuliomaliza tunalifanya, nikaanza kumpa mbinu za muda. Weka saa dakika 25, andika, pumzika tano, rudia, zima simu, hesabu maneno ya kila siku. Mbinu zenyewe hazina ubaya. Francesco Cirillo alivyoanza hiyo ya dakika 25 mwishoni mwa miaka ya 1980 alikuwa mwenyewe mwanafunzi wa chuo anayeshindwa kutulia asome, na imewasaidia watu wengi sana. Kwa dada huyu ilidumu siku tatu. Wiki ya pili akaniandikia kwamba ahsante kaka, sasa nimeongeza kitu kingine cha kushindwa. Ile meseji iliniuma, nikaona kumbe nimempa dawa kabla hata sijamuuliza anaumwa nini.

Ndo nikamwomba tukae, anifungulie laptopu, anionyeshe kila kitu kilivyo.

Folda ya sura ya sita ilikuwa na mafaili 19. Kuna sura6_mpya, sura6_mpya2, sura6_ya_mwisho, sura6_ya_mwisho_kweli, na kuendelea. Refu kuliko yote lilikuwa na kurasa nne. Tukayafungua moja moja na yote yanaanza na sentensi ileile kuhusu umuhimu wa familia katika maamuzi ya matibabu, aya ya kwanza imesuguliwa mpaka inang'aa, afu chini yake vichwa vya habari vitupu. Halafu nikamwambia apange folda nzima ya tasnifu kwa tarehe, faili lililoguswa karibuni likae juu. Likaja faili la sura ya tatu, yaani mbinu za utafiti, sura ambayo supavaiza alishaipitisha miezi 14 nyuma, na lilikuwa limeguswa jana yake saa saba usiku. Nikamuuliza umefanya nini humu? Akasema alikuwa anabadilisha neno "washiriki" kuwa "wahojiwa" sura nzima, kila linapotokea. Nani kakwambia ubadilishe? Hakuna aliyemwambia.

Tukafungua imeli alizotuma. Maombi ya kazi karibu yote yametumwa kati ya saa tano usiku na saa nane usiku.

Ukiviweka vitu hivyo pembeni pembeni unaanza kuona siku yake ilivyo. Asubuhi anafungua sura ya sita, anasugua aya ya kwanza, inakataa. Mchana anafundisha. Jioni anajisikia vibaya kwa kutokuandika, kwa hiyo anakimbilia sura iliyokwisha ili angalau ajione anafanya kazi. Usiku wa manane hofu ya maisha inapanda, anafungua matangazo ya kazi, anatuma CV ileile sehemu tatu bila kuzisoma vizuri, analala saa tisa. Kesho yake anaamka kachoka, na ukimya wa waajiri unamwambia hufai, na akiwa na hilo kichwani anaenda kufungua sura ya sita ambayo kazi yake yote ni kusema utafiti wangu una maana gani. Utaandikaje utafiti wako una maana na wewe mwenyewe tangu jana usiku huamini hivyo?

Kwa hiyo hoja yangu kwenye kisa hiki ni moja, na wengine mnaweza kunipinga. Ushauri tunaopewa wote, "maliza kwanza, kazi utatafuta baadaye", ndo uliomkwamisha. Unasikika wa busara na unatoka kwa watu wanaotutakia mema. Ila kwa mtu aliyefika mwaka wa tano, pesa imekatika na hajui anaelekea wapi, kumwambia maliza kwanza ni kumwambia aruke wakati hajaona pa kutua. Atabaki ukingoni anafunga kamba za viatu.

Nilimuuliza swali ambalo nililiogopa kidogo. Nikamwambia dada, siku ukikabidhi tasnifu, kesho yake asubuhi wewe ni nani? Akakaa kimya muda mrefu. Afu akasema, "Nikikabidhi sina pa kwenda." Na ukifikiria alikuwa anasema ukweli mtupu. Akiwa mwanafunzi ana meza kwenye chumba cha ofisi, ana maktaba, ana majarnali ya bure, ana vile vikundi vya semina ambavyo anapewa kwa sababu ni mwanafunzi. Wanaosoma nchi za watu hata kibali cha kukaa kinategemea usajili wa chuo. Zaidi ya yote ana jibu la kuwapa watu wanapomuuliza unafanya nini siku hizi. Ile sura ya sita ambayo haijaisha ilikuwa inamchosha kweli, ila pia ilikuwa inamsitiri. Alikuwa hajui kama anafanya hivyo, na nasisitiza hili maana kuna watu wakisikia hivi wanaruka kusema kumbe alikuwa mvivu. Mtu mvivu haamki saa saba usiku kubadilisha neno moja sura nzima.

Kuna utafiti mmoja ambao nilimwonyesha siku hiyo na nadhani ulimpunguzia mzigo. Mwaka 2017 Katia Levecque na wenzake walichapisha uchunguzi wa wanafunzi 3,659 wa PhD wa Flanders, Ubelgiji, wakakuta 32% wako kwenye hatari ya kuwa na tatizo la kawaida la afya ya akili au kulipata, hasa sonona. Namba hiyo wengi wameisikia. Kinachosemwa mara chache ni mambo waliyoyakuta yanaendana na hiyo hatari: wingi wa kazi na uhuru wa kuipanga, staili ya uongozi ya supavaiza, mvutano wa kazi na familia, na pia jinsi mwanafunzi anavyoiona kazi ya nje ya chuo. Yaani mtu kuona au kutokuona kuna maisha huko nje ni jambo lenye uhusiano na afya ya kichwa chake akiwa bado ndani. Sisemi utafiti ule ulithibitisha kipi kinasababisha kipi. Nasema aliposoma mstari huo alinigeukia akauliza, "Kwa hiyo siyo mimi tu?" na kwa siku ile hilo lilitosha.

Nimwombe radhi msomaji kidogo hapa. Kabla ya mipango yoyote nilimuuliza waziwazi kama amewahi kufikiria kujidhuru. Akasema hapana, ila kuna asubuhi anatamani asiamke. Tukaandika pamoja imeli kwa mshauri nasaha wa chuo palepale kabla sijaondoka, na alienda mara sita. Mi siyo daktari, na mambo mengine yote nitakayoeleza yalifanyika juu ya msingi huo. Mtu akikwambia jambo kama hilo usianze na CV yake.

Haya, tukaanza na supavaiza. Imeli aliyokuwa ametuma mara ya mwisho ilisema hivi: "Shikamoo Profesa, naambatanisha drafti ya sura ya sita, naomba maoni yako." Wiki tano hajajibiwa na alishaanza kuamini profesa amemkatia tamaa. Mi nikaisoma nikaona profesa amepewa kurasa nne zisizokamilika na hajaambiwa anatakiwa kuamua nini, bila shaka kaiacha akisubiri siku yenye nafasi, na siku hizo kwa maprofesa hazipo. Tukaandika nyingine:

"Shikamoo Profesa. Nimepanga kukabidhi tasnifu katikati ya mwezi wa sita. Naomba unijibu matatu. Sura ya 6 nikijibu kila swali la utafiti kwa kurasa tatu, inatosha? Kuna nadharia ambayo mtahini ataiulizia na sijaigusa? Kuna kitu sura ya 1 hadi ya 5 ambacho lazima kibadilike kabla ya kukabidhi? Kama hakipo, sitazifungua tena."

Hiyo sentensi ya mwisho aliifuta mara mbili akairudisha. Jibu lilikuja baada ya siku mbili, mistari saba. Kurasa tatu kwa kila swali zinatosha. Nadharia mpya hapana, na ile moja iliyoko sura ya 2 ambayo hajaitumia popote aitoe. Jedwali 4.3 jumla inasomeka 61 wakati mahojiano ni 62, aliangalie. Mwisho profesa kaandika, "Mengine yaache." Dada alinisomea hayo maneno mawili kwenye simu mara mbili. Yeye kichwani alikuwa anaandaa sura ya kurasa 40 itakayofunika kila kitu kilichowahi kuandikwa juu ya familia na hospitali, na kumbe aliyekuwa anasubiriwa kuridhika alitaka kama 12.

Najua kuna masupavaiza ambao hata ukiwaandikia hivyo hawajibu, na huko ni habari nyingine, unahitaji mratibu wa masomo ya uzamili na imeli zenye tarehe. Huyu hakuwa hivyo. Alikuwa mtu mwenye kazi nyingi ambaye hajaulizwa swali la kujibika.

Sura tano tukazifunga. Akatengeneza PDF moja, na mafaili ya kuandikia akayahamishia kwenye flashi, flashi akampa mwenzake wa ofisini amwekee. Inaonekana kama mchezo wa watoto lakini nawaambia ndo kitu kilichosaidia kuliko vyote kwenye uandishi, maana usiku hofu ikimpanda hakuna sura ya tatu ya kukimbilia.

Ratiba ikawa saa kumi na mbili hadi saa mbili asubuhi ni sura ya sita, simu haijawashwa, ikifika saa mbili anafunga hata kama katikati ya sentensi. Kazi anatafuta Jumanne, Alhamisi na Jumamosi mchana tu. Baada ya saa tatu usiku hatumi ombi lolote. Vikundi vya semina akapunguza toka vitano mpaka vitatu, na hili lilimuuma mfukoni kweli, alihamia chumba kidogo zaidi, sitaki mtu adhani ilikuwa rahisi.

Na kuanza kwenyewe hakukuwa kwa kuandika. Aya ya kwanza ilishakuwa ukuta, kwa hiyo nikamwambia aanzie swali la pili la utafiti ambalo ndo alikuwa analipenda, na asiandike, anitumie meseji ya sauti kama ananielezea mtu nisiyejua kitu. Akatuma dakika tisa. Mle ndani kuna mahali anasema, "Yaani kaka, watu wanadhani baba ndo anaamua, lakini ukiwasikiliza, baba anatangaza uamuzi ambao bibi alishaufanya jana." Nikamrudishia nikamwambia hiyo sentensi iandike kama ilivyo afu tafuta mahojiano yanayoithibitisha. Alivyonukuu ile sauti yote akapata kurasa mbili, za kwanza za kweli toka mwezi wa tisa mwaka uliopita.

Kuhusu muda, alisema sura itamchukua wiki tatu. Nikamwambia weka sita. Akabisha, nikamweleza kile alichokifanya Roger Buehler na wenzake, mwaka 1994 walichapisha matokeo ya kuwauliza wanafunzi wa saikolojia wa mwaka wa mwisho waliokuwa wanaandika tasnifu zao: mtamaliza baada ya siku ngapi? Kwa wastani walisema siku 34. Wakatumia 55. Waliomaliza ndani ya siku walizozitaja wenyewe walikuwa kama 30% tu. Hao ni watu wanaoijua kazi yao na wako mwishoni kabisa. Tukaweka wiki sita, ikachukua tisa. Tofauti ni kwamba ilipofika wiki ya saba hakuona kama dunia imeisha, maana nilikuwa nimemwambia mapema itazidi.

Sasa upande wa kazi. CV yake ilikuwa kurasa sita, ukurasa wa kwanza ukianza na jina la tasnifu lenye maneno 23, chini yake semina alizohudhuria. Kwa mtu wa chuo inaeleweka. Kwa mtu wa shirika anayetafuta mtu wa kuongoza tathmini ya miradi, hajui asome wapi. Kuna mstari ulisema "Utafiti wa kitaamuli kwa mkabala wa kifenomenolojia (n=62)". Nikamuuliza hebu niambie hicho kitu ulikifanyaje, mwili wako ulikuwa wapi. Akaanza kueleza, alipanga safari, aliajiri wasaidizi wawili akawafundisha kuhoji, aliomba kibali cha maadili ya utafiti kikakataliwa mara ya kwanza akakirekebisha, alitunza siri za familia 62, mmoja akitaka kujitoa alikuwa na utaratibu wa kumtoa, na yote yakaisha ndani ya miezi minane na bajeti ikabaki. Nikasema basi andika hivyo. Akaandika: "Nilipanga na kusimamia mahojiano 62 kwa miezi minane, nikafundisha wasaidizi wawili, nikamaliza ndani ya bajeti."

Afu akaniangalia. "Kaka, huu si uongo?"

Hapo nilikaa kidogo maana swali lilikuwa la kweli kabisa. Kila neno pale lilitokea, ana risiti na daftari za kila siku. Ila hakuwahi kuliona kama kazi, aliliona kama shule. Wanasaikolojia Pauline Clance na Suzanne Imes waliandika mwaka 1978 juu ya wanawake wenye shahada kubwa na sifa nzuri ambao ndani yao wanaamini wamewadanganya watu na siku yoyote watagunduliwa, na ukikaa na wanafunzi wa PhD utawasikia hao kila siku, wanaume kwa wanawake. Sikumwambia ajiamini, maana mtu hajiamini kwa kuambiwa. Nilimwambia kila mstari wa CV aweke pembeni yake ushahidi alionao kwenye kabati, na mstari usio na ushahidi tuutoe. Hakuna uliotoka. CV ikawa kurasa mbili.

Na hayo maombi 41, shida nyingine ni kwamba yote yalienda kwa watu wasiomjua. Watafuta kazi wengi wa PhD tunaona aibu kumwambia mtu tunatafuta, tunaona kama kuomba. Mwaka 1973 mwanasosholojia Mark Granovetter alionyesha kitu ambacho bado nakitumia. Kwa wale aliowachunguza waliopata kazi kupitia mtu wanayemfahamu, 16.7% tu walikuwa wanaonana na mtu huyo mara kwa mara, 55.6% walionana mara mojamoja, na 27.8% kwa nadra sana. Marafiki wa karibu wanajua yaleyale unayoyajua wewe, mko chumba kimoja. Habari mpya iko kwa yule mliyekaa meza moja kwenye warsha miaka mitatu nyuma.

Akaandika orodha ya watu 30 wa namna hiyo. Hakuomba kazi kwa hata mmoja. Meseji ilikuwa fupi, namaliza PhD mwezi wa sita, nimefanya moja mbili tatu, naomba dakika 20 unieleze kazi za tathmini huko kwenu zinakwendaje. Kumi na saba walimjibu, kumi na moja wakaongea naye. Wawili walikuwa wakavu kiasi kwamba alinipigia akitaka kuacha. Wa nane alikuwa mama mmoja waliyekutana kwenye mafunzo ya siku mbili na kusahauliana, ambaye alimwambia mwanangu, nafasi yetu inatangazwa wiki ijayo, na wanachotafuta ni mtu aliyewahi kusimamia wakusanya data, siyo mtu wa nadharia, kwa hiyo hilo liweke juu. Kwa miezi mitatu alituma maombi tisa tu, akaitwa intavyuu tatu. Moja ilikuwa hiyo.

Kwenye intavyuu walimuuliza swali alilokuwa analiogopa kuliko yote, mbona miaka mitano na bado? Tulishalifanyia mazoezi. Hakuomba msamaha na hakusimulia maisha yake. Alisema, "Sura tano zimepitishwa, ya sita inaisha mwezi wa sita, tarehe ninayo na supavaiza wangu anayo." Wakaenda swali linalofuata.

Ofa ikaja tarehe 27 mwezi wa tano, na hapa ndo kisa kinakuwa kigumu kuliko mwanzo. Walitaka aanze baada ya wiki mbili, saa zote. Sura ya sita ilikuwa imebaki swali la tatu na hitimisho, na kazi ya kupanga marejeo na viambatisho ambayo kila mtu anaidharau mpaka aifikie. Nimeona watu wengi wakichukua kazi wakiwa wamebakiza "kidogo tu", na kile kidogo kikala miaka mitatu, na wengine hawakurudi kabisa. Kwa hiyo wale wa maliza kwanza wana pointi, siwezi kuificha. Dada aliona njia mbili tu, akubali na tasnifu ife, au akatae na abaki alipokuwa.

Mi nikamwambia ipo ya tatu, uombe. Akasema wakinyang'anya ofa je? Hofu hiyo naielewa, ukishakaa miezi mingi bila skolashipu hutaki kugusa kitu kilichokuja chenyewe. Ila nilimwonyesha kwamba wenyewe ndo waliomchagua baada ya kusikia tasnifu haijaisha, kwa hiyo siyo habari mpya kwao. Akaandika kwamba amefurahi, anakubali, na anaomba aanze tarehe mosi mwezi wa saba, na Ijumaa zisiwe za kazi wala malipo mpaka atakapokuwa amedifendi, yaani ameitetea tasnifu mbele ya watahini, na kumaliza masahihisho. Walikaa kimya siku nne. Zile siku nne hakuandika hata neno moja, na sikumlaumu. Wakajibu tarehe mosi sawa, Ijumaa sawa lakini mwisho ni mwezi wa kumi na moja. Akaomba iingie kwenye mkataba, ikaingia, na hilo la mkataba nalisisitiza kwa sababu meneja aliyemkubalia alihama wiki ya sita na aliyekuja hakujua lolote mpaka alipoonyeshwa karatasi.

Alikabidhi tarehe 9 mwezi wa saba, siyo katikati ya mwezi wa sita. Wiki ya kwanza ya kazi alikuwa anaamka saa kumi kupanga marejeo, anaenda kazini, anarudi analala na viatu. Asingeweza kuendelea hivyo mwezi mzima na sidhani mtu yeyote anaweza.

Kitu ambacho ningefanya tofauti ni kuanza mapema. Yale mazungumzo ya "shule ikiisha unaelekea wapi" angetakiwa kuwa nayo mwaka wa tatu, data ikiwa mkononi na pesa bado inaingia, na wale watu 30 angewaandikia akiwa hana shida nao. Pia nilichelewa kumuuliza kuhusu nyumbani. Kumbe alikuwa hapokei simu za mama yake miezi minne, kwa sababu kila simu inaanza na "mwanangu, unamaliza lini?" Mshauri nasaha ndo aliyemsaidia hilo. Alimpigia mama akamwambia, mama, naomba swali hilo usiniulize, nikimaliza wewe ndo wa kwanza kujua. Mama akasema sawa, akaanza kumsimulia habari za majirani, wakaongea saa nzima.

Alidifendi mwishoni mwa mwezi wa tisa, akapita na masahihisho madogo, akapewa miezi mitatu. Alimaliza kwa Ijumaa tano. Orodha ya watahini ilikuwa na vitu 11, vingi vya nukta na mwaka wa rejeo. La saba lilisema sura ya tatu inatumia "wahojiwa" wakati tasnifu nzima inasema "washiriki", mwandishi achague moja. Ile kazi ya saa saba usiku. Akaenda kuichukua flashi, akayarudisha yote kuwa "washiriki", ikamchukua dakika kumi.